Aliyekuwa Katikati ya Waya

Mtaani kwetu Bombambili kulikuwa na watu wawili walioogopa kusema. Mmoja nilikuwa mimi, lakini mimi si wa kuandikwa. Mwanamume anayekaa nyumbani na kuku mpaka mke wake anamwita Kufuli hana habari za kujaza hata upande mmoja wa karatasi. Wa pili ni yule mama tuliyemwita Mama Simu, na huyu alikuwa na sababu. Kwa miaka mingi alibeba sentensi moja aliyotaka kumwambia mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mbali. Alikuwa pale pale sokoni mjini Songea, anauza dagaa. Mama Simu alikwenda, akarudi na dagaa. Akaenda tena, akarudi na dagaa. Jikoni kwake dagaa walijaa mpaka paka wa nyumba za jirani wakahamia.

Jina lake la ubatizo sikulitumia hata siku moja, na sitaanza leo. Kazi ndiyo iliyompa jina. Alikuwa opereta katika jengo la simu, zamani zile ukitaka kuongea na mtu wa Iringa hukuweza kupiga mwenyewe. Unakwenda unaandikisha, unakaa kwenye benchi na wagonjwa wenzako wa kusubiri, na nyuma ya ukuta mwanamke usiyemwona anachomeka waya kwenye ubao wenye matundu, anaita mji baada ya mji: Njombe, Makambako, Iringa, mpaka mtu wako apatikane. Nusu ya misiba ya mkoa huu ilipita sikioni mwake kabla ya kuwafikia wenye misiba.

Alikuwa na sauti mbili. Ya kazini niliisikia kabla hatujawa majirani, siku niliyokwenda kumpigia kaka yangu kumwomba jambo zito. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani kote. Nikaingia kwenye kile kisanduku cha mbao, nikashika mkono wa simu, na sauti safi kama sufuria mpya ikaniambia, "Songea, ongea." Maneno yangu yote yakakimbia. Nikamuuliza kaka kama kwao mvua imenyesha. Akasema imenyesha kidogo. Nikamwambia na kwetu kidogo. Dakika zangu tatu nilizolipia zikaisha. Kaka yangu mpaka leo akinikumbuka huniuliza, "Hivi siku ile ulitaka nini?"

Sauti yake ya pili, ya nyumbani, ilikuwa nyembamba na yenye vituo. Alisema kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, kila jiwe analijaribu kwanza kwa ncha ya mguu. Ukimsalimia alichelewa kujibu, unaweza kudhani hakukusikia. Alikuwa amekusikia vizuri mno. Alikuwa anangoja, kama vile salamu yako imetoka mbali na huenda nyuma yake kuna nyingine inakuja.

Miaka ya ruksa ilipoingia, maduka ya mjini yakajaa redio na mitumba, kila mtu akaruhusiwa kuuza kila kitu, na jengo la simu likaletewa mashine inayowaunganisha watu yenyewe. Maopereta wakapunguzwa. Wenzake walilia. Yeye, nilivyosikia, aliiangalia ile mashine kwa muda, akauliza kama ina masikio. Fundi akamwambia haina. Akasema, "Heri yake." Kisha akaja kukaa nyumbani moja kwa moja, yeye na mumewe mfanyakazi mstaafu, nyumba ya pili kutoka kwetu, bila mtoto.

Hapo ndipo tulipoanza kujua marudio yake. Marudio ndilo jina alilolibuni mke wangu. Mama Simu alikuwa akisema nawe neno asubuhi, jioni anakurudia kulitengeneza.

"Hodi."

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Asubuhi ulinisalimia, nikakujibu 'tunashukuru', nikapita."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa na ndoo kichwani. Usije ukaona nimekujibu kwa mkato."

"Wala sikuona hivyo, Mama."

"Hukuona, au unanistahi?"

Mke wangu, ambaye ni muuguzi msaidizi na hana subira na wagonjwa wasiougua, akapaza sauti kutoka jikoni: "Anakustahi, Mama! Huyo hata mimi ananistahi. Tangu anioe hajawahi kuniambia kama mboga imezidi chumvi!"

Mama Simu akacheka, akaenda. Kabla hatujamaliza kula akarudi. "Baba Tumaini," akaniambia, maana mwanangu wa kwanza ni Tumaini, "nilipocheka pale sikumcheka mkeo, wala sikukucheka wewe. Nilicheka tu."

Mimi nilimwelewa, na hilo ndilo la aibu. Mimi pia nikitoka dukani hujilaumu njia nzima kwa namna nilivyoomba kiberiti. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilijifungia ndani ili nisikosee, naye alitoka kila siku akakosea na kurudi kufuta. Tukawa tunakaa barazani kwangu jioni, kila mtu anatoa maneno yake ya siku ile yakaguliwe, kama vile watu wanavyochambua mchele. Mke wangu alituita Kamati. "Kamati imeshakaa?" anauliza akirudi kazini. "Leo mmelikamata neno gani?"

Alinifundisha mbinu zake, nami nazitumia mpaka leo, ingawa hazijanisaidia. Alisema kabla ya kusema utoe pumzi taratibu kama mtu anayepoza uji. Alisema ukikosea usikimbilie kufunika, maana anayefunika ndiye anayeonyesha mahali shimo lilipo. Mwenyewe hakuifuata hii hata siku moja. Alisema pia kwamba watu wengi hawasikilizi, wanangoja zamu yao, kwa hiyo makosa yetu mengi yanaanguka njiani bila kumpata mtu. Nikamuuliza, "Sasa kama unajua hivyo, Mama, kwa nini unarudi kusahihisha?" Akasema, "Kwa sababu mimi nilikuwa nasikiliza."

Mahali palipomtesa kuliko pote ni kwenye jumuiya. Wakatoliki wa mtaa wetu tulikutana kila wiki nyumba kwa nyumba, tunasoma Injili, halafu zinakuja nia, yaani kila mtu kwa zamu anaomba kwa sauti jambo lake na wengine wanaitikia "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Zamu ikizunguka kutoka kulia, Mama Simu anahamia kushoto. Mwenyekiti, mzee mmoja mwenye sauti ya ngoma, alipolizoea hilo, akawa anaanzia kushoto. Siku aliyokamatwa hana pa kuhamia, alisimama, akapoza uji, akasema: "Nawaombea wote walioombewa." Watu wakaitikia. Ilikuwa sala nzuri kuliko zote, mimi nilimwonea wivu. Lakini jioni yake akaja kwenye Kamati uso umemshuka.

"Nimesema wote."

"Ndiyo, Mama. Vizuri kabisa."

"Yule kijana wa pembeni aliomba mpangaji wake ahame. Na mimi nimemwombea hivyo hivyo. Na mpangaji naye alikuwepo!"

Lakini hilo si lililotia fora. Siku nyingine yule mwenyekiti alianza kuomba akasahau kuacha. Aliombea mvua, mbolea, bei ya mahindi, viongozi, wasafiri wa njia ya Njombe, wagonjwa wa Peramiho kwa wodi zao. Watoto wakalala. Chumba kilikuwa na joto, na nadhani Mama Simu naye alikuwa amesinzia amekaa. Mwenyekiti akavuta pumzi aendelee, na katika ule upenyo, sauti safi ya kazini, ambayo mtaa mzima hatukuwa tumeisikia kwa miaka, ikasema: "Dakika tatu zimekwisha. Unaongeza?"

Mwenyekiti, kwa kutii, akasema, "Hapana, asante." Akafanya ishara ya msalaba, akaketi.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mke wangu alitoka nje. Mtaa mzima ulikaa na utani huo. Mtu akizidisha hadithi kilabuni mbele ya pombe ya komoni anaulizwa kama anaongeza. Mwenyekiti mwenyewe aliusimulia kuliko wote. Mtu mmoja tu hakucheka. Wiki kadhaa Mama Simu hakutoka nje ya ua wake, na nilipokwenda kumtazama nilimkuta ameketi chini, mkono umefunika mdomo, si kama mtu mwenye aibu, bali kama mtu anayeziba chungu.

"Imetoka yenyewe," akaniambia. "Ile sauti. Nilidhani nimeiacha kule."

Nikataka kumtania nikaona hataniki.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyaelewa mapema. Nguzo za simu za njia kuu wakati ule zilikuwa bado na nyaya zake za shaba, na upepo ukivuma zilitoa mlio mwembamba. Sisi tulipita tu. Yeye alivuka barabara. Ukimuuliza anasema, "Wanaongea," kama mtu anayekwepa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Baadaye wezi wakaanza kukata zile nyaya, maana shaba nayo ilipata soko, na mafundi wa uchochoroni wakasokota bangili. Wasichana wa mtaa wakazivaa mpaka kwenye viwiko. Mama Simu hakukaa jirani na msichana mwenye bangili ile. Siku moja kwenye harusi msichana mmoja alimshika bega kwa heshima, "Mama, karibu kiti," na bangili zikagongana sikioni pake. Niliona shingo yake inageuka taratibu, akisikiliza, na macho yake hayakuwa harusini.

Ungedhani basi ni mtu asiyeweza kusema kabisa. Si kweli, na hapa ndipo aliponichanganya. Mpe maneno ya mtu mwingine, uone. Kuku wangu waliingia kwenye mchicha wa jirani mmoja mkali, wakala kitalu kizima. Jirani akaapa atakayekuja kuomba radhi atamwagwa damu. Mimi, bila shaka, niliingia ndani nikafunga mlango. Mama Simu akaniambia, "Nipe maneno yako niyapeleke." Nikampa, kwa kubabaika. Akaenda. Nilimsikia kupitia ukuta wa matete, amesimama wima mbele ya yule bwana, anasema kwa sauti safi kila nilichosema, kwa mpangilio wangu, mpaka pale nilipokohoa. Alikohoa. Jirani alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwambie yamekwisha." Na yeye akarudi kuniambia, kwa sauti nzito ya jirani, "Yamekwisha."

"Mama, wewe ni hodari!" nikasema. "Kwa nini sasa ya kwako yanakushinda?"

Akaanza kukunja kanga yake pembe kwa pembe. "Ya watu ndiyo yaliyoniharibu," akasema, akaenda.

Nilikuja kulijua jambo lenyewe kwa sababu ya kuku. Nilikuwa nao wengi, wa mayai, wakati ule kila mtu aliambiwa utajiri uko kwenye kuku. Alfajiri moja nikawa nainama kuokota mayai upande wa ndani wa banda, nikasikia mtu anaongea upande wa pili wa wavu. Alikuwa Mama Simu, amesimama mbele ya kuku wangu, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Dada, mimi ndiye niliyekwambia yale maneno. Nisamehe." Akatikisa kichwa. "Hapana. Ukisema 'mimi ndiye' ni kama unajisifu. Dada, samahani, yale maneno ya siku ile, mdomo ulikuwa wangu." Jogoo akamtazama kwa jicho moja. "Hata wewe unaona halifai," akamwambia.

Nikabaki nimeinama mpaka mgongo ukaniuma. Kwa mtu kama mimi, kumsikia mwenzako akifanya mazoezi ni sawa na kumwona bila nguo. Baada ya hapo nilijua kuwa anakuja mara kwa mara. Kuku wangu walijua siri ya yule mama kabla yangu.

Alinieleza mwenyewe masika yale yale, mvua imetuzuia barazani. Mvua ya Songea ikishuka kwenye bati huwezi kusikia mtu aliye mbele yako, na yeye alikuwa akilitazama bati kwa chuki.

"Laini ilikuwa hivi," akasema.

Akanieleza kwamba laini ikiwa mbovu, mtu wa Songea hamsikii wa Iringa na wa Iringa hamsikii wa Songea, lakini opereta aliye katikati anawasikia wote wawili. Basi anakuwa daraja. Huyu anasema sentensi, opereta anairudia kwa mwenzake. Yule anajibu, opereta anarudisha. Sheria ya kazi ilikuwa rudia kama ilivyosemwa, usiongeze, usipunguze.

Siku moja mzee mmoja seremala, mtu wa kanisa, aliitwa kuna simu yake kutoka Iringa. Alikuja mbio na vumbi la mbao kichwani akidhani ni mteja. Kumbe ni binti yake. Binti huyo alikuwa amekwenda utawani, mzee akijivuna kote mjini kwamba ametoa sista, kisha kabla ya nadhiri akatoka akaolewa na dereva wa lori. Tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani.

"Binti akasema, 'Baba, shikamoo.' Nikasema, 'Baba, shikamoo.' Mzee kimya. Binti akasema, 'Nimejifungua. Wa kike. Nimempa jina la mama.' Nikarudia. Nilikuwa natabasamu, Baba Tumaini, nilidhani napeleka habari njema. Mzee akasema."

Mvua ikapiga. Niliona midomo yake inafanya kazi bila sauti.

"Akasema, 'Mimi sina binti. Niliyekuwa naye nimemzika.'"

"Na wewe ukarudia?"

"Nikarudia. Kwa sauti ya kazi. Nzuri kabisa, kila neno likafika."

Mzee akaweka simu, akatoka. Taa yake kwenye ubao ikazimika. Ya binti ikabaki inawaka, na binti analia. Mama Simu alitakiwa achomoe waya, kulikuwa na foleni. Hakuchomoa. "Ningemwambia nini? Sheria haikuwa na maneno ya pale. Nikabaki tu nampumulia sikioni kama mjinga, mpaka msimamizi akanigusa bega."

Mzee alikufa hajasema lingine. Mama Simu na mumewe walikuwa bado vijana. Walingoja mtoto, hakuja, naye akaona ni laana ya maneno yale. Padri wa Peramiho alimwambia hakuna laana ya kuazima, aliyetamka ni mwenye moyo wake, aende kwa amani. Akaitikia amina.

"Lakini nilisema sina binti," akaniambia. "Yalipita mdomo gani? Wa yule mzee hakuna aliyeusikia. Niliyesikika ni mimi."

Nilitaka kumwambia kitu cha hekima. Nina cheti cha kidato cha nne. Nikamwambia mvua inapungua, ilhali haikuwa inapungua.

Miaka ilipita tangu simu ile, binti akahamia Songea na mumewe na watoto, akapata meza sokoni ya dagaa wa Nyasa. Mama Simu hakuwa amewahi kuuona uso wake. Alikuwa akipita kununua nyanya, akasikia nyuma yake, "Karibuni dagaa, wakavu, hawana mchanga!" akaangusha kikapu. Kwa opereta sauti haizeeki. Tangu siku hiyo ndipo safari za dagaa zikaanza. Anafika mezani, anapoza uji, anafungua mdomo, yule dada anasema, "Karibu, mama," naye anasema, "Nipimie." Mumewe alikula dagaa mpaka akafa, sisemi walimuua.

Baada ya mazishi miguu ya Mama Simu ikaanza kuvimba, na kaka yake wa Mbinga akatuma ujumbe kwamba aende akakae kwake. Nyumba ikapata mnunuzi. Siku ya mwisho kabla ya safari akapiga hodi kwangu, amevaa kanga mpya.

"Nisindikize sokoni."

"Mimi, Mama?"

"Usiseme chochote. Simama nyuma yangu. Nikianza kununua, kohoa."

Mke wangu akatokea mlangoni. "Kufuli limefunguka! Vaa viatu kabla hujabadili mawazo." Kisha, bila utani, akamshika Mama Simu mikono yote miwili, na nikajua kwamba Kamati haikuwa na siri kama nilivyodhani.

Tulikwenda polepole kwa ajili ya miguu yake. Njiani hakufanya mazoezi. Sokoni jua lilikuwa kali na harufu ya dagaa ilitupokea kabla ya mwenyewe. Yule dada alikuwa mtu mzima sasa, mrefu, mwenye mwanya, kitambaa kimefungwa kama kilemba.

"Mama yangu huyo! Karibu. Kama kawaida?"

Mama Simu akatoa pumzi. Akafungua mdomo. "Kama kawaida," akasema.

Nikakohoa.

"Pole na kifua, kaka," yule dada akaniambia, mkono tayari kwenye kopo la kupimia.

"Acha kupima," Mama Simu akasema. "Leo sikuja kununua. Nahamia Mbinga. Nimekuja kukwambia... Mimi zamani nilikuwa mtu wa simu. Pale kwenye jengo. Opereta."

Kopo likatua mezani.

"Wewe? Miaka yote hii unakula dagaa wangu, kumbe ni mtu wa simu? Wale wa kuchomeka waya?"

"Wale."

"Basi Mungu amekuleta. Kaa hapa, mama, kaa kwenye gunia. Kuna kitu nataka kumuuliza mtu wa simu tangu nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Kila ninayemuuliza ananicheka."

Mama Simu hakukaa. Yule dada akashusha sauti, si sana, sauti ya muuzaji haishuki sana.

"Nilimpigia baba yangu. Tulikuwa tumekosana, nilikuwa Iringa. Laini mbaya, kukawa na dada mmoja anaturudishia maneno. Baba akanipa makali. Hayo tuyaache, hata sina hakika nayakumbuka sawasawa. Wazee wetu unawajua. Yule dada akamaliza kazi yake akaondoka. Lakini baba hakukata. Mimi nalia, namsikia. Anapumua. Hasemi neno, anapumua tu. Nikalia mpaka nikaisha, naye yupo." Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono wenye magamba ya samaki. "Mume wangu anasema ni upepo wa nyaya. Ndugu zangu wanasema baba alitupa simu pale pale akaenda zake, waliambiwa na watu. Mimi nasema alikaa. Mtu aliyekuzika hakai akakusikiliza unalia. Hilo ndilo lililonirudisha Songea. Nimemjengea kaburi kwa saruji, kila Novemba nampelekea maua. Sasa wewe ni mtu wa kazi, niambie bila kunihurumia. Waya unaweza kupumua?"

Nilikuwa nyuma ya Mama Simu, sikuuona uso wake. Niliona shingo, na mshipa unaopiga. Ile sentensi ya miaka yote ilikuwa pale mdomoni, nilijua, na mwenye kuipokea yuko mbele yake ameinua macho. Nilitaka kukohoa, na sikujua tena kikohozi kingemwambia nini.

Hakutoa pumzi wala hakungoja. Ilitoka sauti ya jengo la simu, safi, kila neno likafika:

"Waya haupumui, mwanangu. Kama ulisikia pumzi, alikuwepo mtu. Na kama alibaki, alitaka kubaki."

"Si nilisema!" Yule dada akapiga meza, dagaa wakaruka. Alikuwa anacheka na machozi yanashuka. Akamwita jirani wa meza ya pili, muuza maharage, kwa sauti ya soko zima: "Njoo usikie! Mtu wa simu mwenyewe amesema! Baba yangu alikuwepo!"

Akamfungia Mama Simu dagaa wa kwenda nao Mbinga, mfuko mzima, akakataa hela. Akamkumbatia. Mama Simu alisimama ndani ya mikono ile kama nguo iliyoanikwa, kisha taratibu mkono wake mmoja ukapanda, ukamgusa mgongoni.

Njia ya kurudi mfuko niliubeba mimi. Tulipita nyumba kadhaa.

"Sikusema ni baba yake," akasema.

"Hukusema, Mama."

"Nilisema mtu."

"Ulisema mtu."

Tukatembea. Akasimama kupumzisha miguu, mkono kwenye ua wa watu.

"Hata hakumkumbuka yule dada aliyerudia maneno. Umesikia? 'Akamaliza kazi yake akaondoka.'"

"Nimesikia."

"Sikuondoka," akasema. Alisema kwa ile sauti nyembamba, ya nyumbani, na hakumwambia mtu. Kisha akanigeukia. "Na ile sentensi yangu, Baba Tumaini? Niende nayo Mbinga?"

Nikahamishia mfuko mkono wa pili, tukaendelea mpaka Bombambili. Asubuhi yake basi likaondoka naye, amekaa dirishani, kanga mpya, mfuko wa dagaa mapajani. Nilimpungia mkono. Nadhani alikwenda nayo.